Sauti ya Ng'ambo Waliyoiita Kelele

Mwezi uliopita redio yetu ya zamani pale Ifakara ilifanya sherehe, na mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe ikampigia rafiki yangu Sabina wimbo ambao ndani yake mama yake hayumo. Alikuwemo. Walimtoa wao wenyewe, miaka mingi iliyopita, kwa mikono yao na kwa furaha, na siku ya sherehe wakapigiwa makofi kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Sabina. Alikuwa ametoka Malinyi kwa jambo moja tu, kumsikia mama yake, kwa sababu picha yake hana, kanga yake ilishachakaa, na kaburi lenyewe maji ya masika yamelilaza hadi huwezi kusema ni hapa au ni pale. Kilichokuwa kimebaki duniani ni sauti ile. Tangu nirudi nyumbani Mkula nina hasira ambayo hainiachi nichambue hata mchele, na wanangu wananiambia, mama, punguza, utapandisha presha. Sipunguzi. Presha tutaijua mbele ya safari, kwanza niseme.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo hayana kazi hapa. Ninaouzungumzia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa msichana niliyemaliza shule na kuokotwa na redio ndogo ya mji kwa sababu nilijua kusoma bila kukwama. Sabina aliokotwa mwaka huohuo kwa sababu hiyohiyo. Tulipanga chumba kimoja Viwanja Sitini, nyumba ya bati, kitanda kimoja, godoro lililobonyea upande wake, jiko la mkaa mlangoni. Tulikula wali kila siku ya Mungu, kwani Ifakara mchele si chakula cha wageni, na mboga ikawa kambale wa kukausha anayeletwa na mama yake Sabina kutoka Mofu, amefungwa kwenye jani la mgomba na harufu yake imetangulia kufika. Nyuma ya ukuta aliishi mwenye nyumba, Mama Zuhura, mwanamke aliyesikiliza redio tangu alfajiri na kuitolea hukumu bila kujali kwamba ukuta ni wa tofali moja. "Huyu Gaude wa leo," tulimsikia akimwambia mumewe, "anasoma matangazo ya vifo kama anauza nyanya. Na yule Sabina anameza maneno, sijui hajala." Tulikuwa tunajifunika shuka kucheka. Lakini kesho yake nilisoma vifo polepole, na Sabina akafungua kinywa, maana mtu anayekusikiliza vizuri hivyo huwezi kumdharau.

Studio ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani na mablanketi dirishani. Feni ilizimwa tukiwa hewani kwa sababu ilinguruma, kwa hiyo tulisoma habari huku jasho likitudondoka kwenye karatasi. Tulikuwa na redio kaseti kubwa ya kubeba begani, maiki moja, visikizio viwili, na kanda. Sitaki mtu aniambie nazililia kanda kwa sababu ni za ujana wangu. Kanda zilikuwa shida. Zilikwaruza, zilitafunwa na mashine ukazivuta utumbo kama kuku, ukazirudisha kwa kalamu huku unatukana. Kwenye joto la bonde lile zilivimba na sauti ikaanza kuyumba. Lakini kanda haikuwa na akili, na huo ndio uliokuwa wema wake. Ulichokiweka mbele yake ilikichukua chote, mtu na mbuzi wake, ikakuachia wewe usikilize na kuamua. Sabina ndiye alinionyesha hilo. Alikuwa anavaa visikizio na kuniambia, "Acha huyo anayeongea. Msikilize aliye nyuma yake."

Masika yalipokaribia kwisha, mpunga ukiweka maziwa, tulitumwa Mofu kurekodi nyimbo za kuamia. Nieleze kwa wasiojua. Mpunga ukifika hapo kwelea, ndege wadogo wala nafaka, wanashuka makundi kwa makundi, na shamba likiachwa asubuhi moja tu umelima majani. Basi watu wanahamia mashambani, kila shamba na dungu lake, kibanda juu ya miti mirefu, na kuna kamba zimefungwa madebe zinazovutwa ndege wakitua. Wanaume wengi wako mtoni kwenye samaki, kwa hiyo madunguni ni wanawake na watoto, na kutoka dungu moja hadi jingine ni mbali, katikati kuna maji. Hapo ndipo unapokuja wimbo. Mmoja anaita, mwingine wa ng'ambo anaitika, kwa Kindamba, maneno yenyewe ni ya kawaida kabisa: wewe wa ng'ambo, umeamka, nimeamka, wamekuja, wamekuja wangapi, wamekuja weusi, piga debe. Watu wa mjini wanadhani ni burudani. Ni ulinzi. Ukiita usiitikiwe, unashuka dungu, unavuka maji, unakwenda kumwangalia mwenzako, maana kuna nyoka, kuna homa, kuna mengi. Hakuna mtu wa Mofu anayeita mara tatu bila jibu akabaki amekaa.

Tulipanda dungu la Mama Agata, mwanamke mwenye sauti iliyotosha kuvusha watu mto. Dungu la ng'ambo lilikuwa la Mama Leokadia, mama yake Sabina. Mimi na ushamba wangu wa studio nikaona yule wa ng'ambo yuko mbali mno, nikasema tumwite asogee kwenye maiki, wote wawili wasikike sawasawa. Mama Agata akaniangalia mpaka nikaona aibu. "Akija hapa ataitika nini?" akaniuliza. "Aliye karibu anaitwa? Na mpunga wake akaulinde nani, wewe?" Basi nikaacha. Nikavaa visikizio, nikabonyeza. Mama Agata akaita, karibu anipasue masikio. Halafu kukawa na maji, na mabawa, na debe la mtoto fulani, na ndani kabisa ya vyote hivyo, ndogo lakini imenyooka, sauti ya Mama Leokadia ikaja ikitembea juu ya maji. Sabina alikuwa na kisikizio cha pili. Akacheka peke yake, machozi yanamlengalenga, akasema, "Huyo ndiye mama. Nyumbani haongei, utadhani bubu. Mpe ng'ambo uone."

Ule wimbo tuliurusha vilevile ulivyo, na Mama Zuhura akaongea ukutani: "Leo wamefanya la maana. Nimesikia na baridi ya shamba." Kwa mara ya kwanza nilijua kazi yangu ni nini. Si kusoma. Ni kumfikishia mtu aliyekaa Kibaoni, mjini, umbali ulioko Mofu. Tulinunua nyama siku hiyo, mwezi haujaisha, tukala mpaka godoro likatushinda kulalia.

Mpunga ulipoanza kugeuka rangi, Mama Agata aliita asubuhi moja na ng'ambo hakuitika mtu. Akaita tena. Akashuka, akavuka maji yamemfika kifuani, akamkuta Mama Leokadia amelala dunguni, amejifunika gunia, ameshapoa. Homa. Kamba ya madebe ilikuwa bado mkononi. Sabina aliondoka Ifakara na nguo alizovaa. Matanga ya kwao redio haiwashwi, kwa hiyo muda wote ule hakusikia chochote kutoka kwetu, na matanga yalipokwisha wajomba waliamua aende Malinyi, ambako redio yetu haikufika, kulea wadogo zake. Alipita chumbani kuchukua vyombo. Nikamwambia achukue na godoro, akasema, "Godoro kaa nalo, nani atalitaka. Nitunzie kanda tu. Nikitulia nitakuja kuisikiliza." Nikamwambia ipo. Na kweli ilikuwepo.

Baada ya mavuno ikaja kompyuta. Ilikuja na mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa matope yetu, na Meneja wetu akamzunguka kama kuku mwenye yai. Meneja alikuwa mtu wa kusema "enzi mpya" kila baada ya kikohozi. Ofisi yake na studio vilitenganishwa na mbao nyembamba, kwa hiyo nikiwa napanga vikombe nilimsikia mtaalamu akisema, "Hapa kuna mama anaimba vizuri, ila nyuma pachafu. Maji, ndege, na kuna mtu anapiga kelele huko mbali." Meneja akasema toa. Mtaalamu akamweleza kwamba kuna kitu kama mlango: sauti ikiwa kubwa mlango unafunguka, ikiwa ndogo unajifunga wenyewe. Meneja akasema, "Funga. Msikilizaji anataka sauti safi. Na ukipunguza hivyo faili linakuwa dogo, si ndiyo?" Niliingia na chai. Nikaamkia, nikasema huyo wa mbali si kelele, ndiye anayeitika, wimbo ni wa watu wawili, na ni marehemu mama yake Sabina. Meneja akasema, "Gaude, weka chai hapo." Mtaalamu, kwa upole wake, akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, dada. Kanda yenyewe haiguswi."

Kuuliza si ujinga, lakini wao hata ule ujinga wa kuuliza hawakuwa nao. Wakaurusha wimbo uliosafishwa, na baada ya siku chache Mama Agata akashuka Ifakara kwenye lori la mpunga, amevaa kanga ya msiba. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Nani hapa ananiitisha maiti?" akauliza. Meneja akacheka, akaagiza soda, akamwambia, mama, sasa unasikika wewe peke yako, wewe ndiye nyota. Mama Agata akamwacha amalize. "Mwanangu," akasema, "mimi asubuhi ile niliita, hakuitika. Nikaenda nikamkuta. Sasa nakaa nyumbani kwangu na wajukuu, nasikia mimi mwenyewe naita, siitikiwi, naita tena, siitikiwi. Miguu inanyanyuka. Niende wapi?" Soda ilikuja, hakuinywa. Meneja akasema ataliangalia. Hakuliangalia. Wimbo ule ukawa unapigwa kila Jumapili, na jina la kipindi likatanguliwa na tarumbeta.

Nilipomwandama sana, Meneja alinifungulia stoo, akanionyesha kabati la chuma na kanda zimepangwa ndani. Ile yetu nikaiona kwa macho yangu, mwandiko wa Sabina ubavuni. Nikaomba niichukue. Akasema ni mali ya ofisi, na ofisi inajua kutunza mali. Mwaka ulipokwisha nikaenda chuo cha ualimu, na kwa miaka yote hiyo kila nilipoonana na Sabina nilimwambia kanda ipo, nimeiona. Hivyo ndivyo nilivyofanywa mwongo nisijue. Yeye naye mara mvua, mara kivuko kimekwama, mara mtoto, mara mume anaumwa, maisha yakampitisha. Hakuwa na haraka. Nani ana haraka na kitu kilichofungiwa kabatini?

Sasa hivi kila mtu ana kinasa sauti mfukoni, na sijawahi kusikia sauti mbaya kama za siku hizi. Mtu anarekodi msiba, anautuma kwa simu, unabanwa, unatumwa tena, unabanwa tena, unakufikia sauti za watu zimekuwa za nzi ndani ya chupa. Redio nazo zinasikika bila mkwaruzo, sawa, lakini zote zimepandishwa juu hadi mnong'ono na kelele vina kimo kimoja. Mtangazaji anakupigia kelele sikioni kama kondakta. Nikisema hivyo, vijana wanasema bibi hapendi teknolojia. Potelea mbali. Kompyuta ile ile ingeweza kumtunza Mama Leokadia vizuri kuliko kanda, asiyumbe, asivimbe, asikwaruze. Mashine haikukosa uwezo. Mtu aliyekaa mbele yake ndiye aliyeamua kwamba aliye mbali ni uchafu, na mashine ikatii. Ninachokasirikia ni huyo mtu, na mfuasi wake, na mfuasi wa mfuasi wake, ambao hadi leo wanaliita jambo hilo ubora.

Basi siku ya sherehe. Waliponialika kama mtangazaji wa zamani na kusema watapiga nyimbo za kuamia, nikampigia Sabina simu. Alifika asubuhi, amesuka, amevaa kitenge kipya, amekunja leso mkononi. Nilimfuata kijana wa studio, wanamwita Ima, mtoto mwenye adabu kweli. "Shikamoo mama." Marahaba. Nikamuuliza, mmetumia kanda yenyewe? "Kanda?" akasema. "Aa, mama, zile zilishakwisha kabla sijaja hapa. Nasikia zilirekodiwa juu, mahubiri na mpira wa kata, mpaka zikakatika. Hii tumeitoa kwenye kompyuta, halafu tumeipitisha kwenye akili mnemba ikang'arishwa. Utaipenda." Nilirudi mbio kwenye kiti nimwambie Sabina, lakini mshereheshaji alikuwa ameshaanza kusema urithi wetu, urithi wetu, na spika zikafunguka.

Mama Agata akaita. Ilikuwa sauti yake na haikuwa yake, inameta, mwisho wa kila neno umekatwa kwa kisu. Halafu kimya. Hakuna maji, hakuna bawa, hakuna debe. Kimya ambacho Mofu hakijawahi kutokea tangu kuumbwa kwake. Mama Agata akaita tena. Sabina alinibana mkono. "Yuko mbali," akaninong'oneza. "Siku zote alikuwa mbali." Akasimama, watu wote wanamtazama, akasema kwa heshima, "Mwanangu, ongeza kidogo." Ima akaongeza. Mama Agata akaita, vioo vikatetemeka, kikafuata kimya. "Ongeza tena, baba." Akaongeza. Watoto waliokaa mbele wakaziba masikio. Sabina alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekezwa kwenye spika, macho ameyafumba, na midomo yake inaitika maneno ya mama yake bila sauti, kila mahali panapostahili. Wimbo ukaisha. Ukumbi ukapiga makofi. Akaketi, akaniuliza, "Gaude, wewe umemsikia? Masikio yangu siku hizi si mazuri."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hayumo, walimfuta mwaka uleule aliofariki, na kanda nayo haipo tena, imerekodiwa mpira. Nilimwambia yote hapohapo, watu wanasambaziwa soda, kwa sababu nilikuwa nimechoka kumwambia ipo. Hakulia. Alikunjua leso, akaikunja tena. Mimi ndiye niliyesimama nikasema niliyosema, kwa sauti ambayo hata feni zao zisingeizima, na sijutii hata neno. Mkurugenzi mpya akasema tutakaa tulizungumze. Mshereheshaji akaongeza muziki.

Ima alikuja hadi kwenye viti vyetu, akachuchumaa mbele ya Sabina kama mtoto aliyelelewa vizuri. Alikuwa amesikitika kweli, na ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haijui impate wapi. "Mama, pole sana," akasema. "Lakini hili lisikuumize, linarekebishika. Siku hizi akili mnemba inatengeneza sauti ya mtu yeyote, hata marehemu. Wewe tuletee kipande tu cha sauti ya mama, hata kifupi namna gani, halafu tutamrudisha aimbe wimbo wote."

Sabina akamwekea mkono begani. "Mwanangu," akamwambia, "hicho kipande ndicho nilichokuja kukichukua kwenu."